Chumba bila anwani: kisa cha nesi aliyefutwa kwenye daftari la wakazi Ujerumani

Mwanzoni mwa Novemba 2025, ofisi ya utumishi ya hospitali moja kaskazini mwa Ujerumani ilimwandikia nesi wake Mtanzania: kibali chako cha ukaazi kinaisha tarehe 30 mwezi huu, tuletee nakala ya kipya. Mwajiri hana hiari katika hili. Sheria inamtaka awe na nakala ya kibali cha kila mfanyakazi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, na kibali kikiisha bila kingine kushika nafasi yake, lazima amsimamishe mtu kazi hata kama wodi nzima inamtegemea.

Dada huyu hakushtuka. Maombi ya kuongeza muda alikuwa ameyatuma tangu Agosti, kwa fomu ya mtandaoni, kwenye ofisi ya wageni, ile inayoshughulikia vibali vya wasio raia, ya mji mdogo wa jimbo la Hessen alikoanzia kazi mwaka 2021. Alipopiga simu kuulizia, aliambiwa jambo ambalo ilibidi aombe lirudiwe: kwa mujibu wa daftari la wakazi, hakai tena pale, na alikokwenda hakujulikani. Tangu Septemba jina lake lilikuwa limefutwa.

Nimekaa nchi hii muda mrefu, na watu wetu huniletea barua zao tusome pamoja. Kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa yake, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Nakipa nafasi kwa sababu karibu kila kilichomo nimekiona kwa wengine kipande kipande, na kwake vipande vyote vilikutana ndani ya miezi saba.

Alivyofika hapo

Alikuja na diploma ya uuguzi kutoka nyumbani, akasoma Kijerumani mpaka ngazi ya B2, diploma ikatambuliwa mwaka 2022, akapewa kibali cha miaka mitatu kama mtaalamu. Muda wote huo aliishi hosteli ya wafanyakazi ya hospitali yake ya kwanza. Aprili 2025 akapata kazi yenye mshahara mzuri zaidi katika jiji kubwa la kaskazini. Kazi aliipata upesi. Nyumba ndiyo iliyomshinda.

Aliyewahi kutafuta nyumba katika miji mikubwa ya Ujerumani hahitaji kuelezwa. Tangazo moja hupata waombaji wengi mno, mwenye nyumba anataka kuona karatasi za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya madeni, na mtu aliye kwenye miezi ya majaribio ya kazi mpya huwekwa nyuma ya foleni. Kwa hiyo alifanya kama tufanyavyo wote, akauliza kwa Watanzania. Akaelekezwa kwa mzee mmoja wa Tanga, mwenye miaka hamsini na ushee, mfanyakazi wa ghala, aliyekuwa na chumba cha ziada. Yuro 450 kwa mwezi, mkononi, bila mkataba. Mzee alimpokea vizuri, akamwonyesha jiko, akampa ufunguo, kisha akasema: "Hapa utalala, utapika, utakaa kama kwenu. Ila usijiandikishe hapa. Jina lako lisifike kwenye karatasi ya mtu yeyote."

Alikubali. Alijiambia kwamba anwani ya hosteli bado iko kwenye daftari, na aliyekuwa jirani yake chumba cha pili angemchukulia barua na kumpigia picha kwa WhatsApp. Mpango huo ulikwenda sawa mpaka Juni, yule jirani naye alipohama.

Sanduku la barua

Nyumba za ghorofa za Ujerumani kwa kawaida hazina namba ya chumba katika anwani. Barua hubeba jina, mtaa na namba ya jengo, basi. Tarishi anafika mlangoni, anakuta safu za visanduku vya bati, anasoma majina ya ukoo. Kwenye kila kisanduku kuna kijidirisha cha plastiki chenye upana wa kidole, na ndani yake kipande cha karatasi chenye jina. Karatasi ile ikitolewa, kwa tarishi wewe hupo, hata ukiwa umesimama nyuma ya mlango unamwangalia.

Pale hosteli, msimamizi alitoa karatasi ya dada Julai na kuweka jina la nesi mpya. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Agosti ofisi ya wageni ikatuma barua ya kwanza: tumepokea maombi yako, lete mkataba wa kazi mpya, na siku ya miadi ni hii. Ikarudi na kibandiko kwamba mwenye barua hapatikani. Wakatuma ya pili, nayo ikarudi. Ofisi ya wageni ikauliza ofisi ya wakazi, ofisi ya wakazi ikauliza hosteli, hosteli ikajibu ukweli kwamba mtu huyo aliondoka Aprili. Kufikia hapo daftari lilitakiwa lisahihishwe, likasahihishwa: amehama, haijulikani alikokwenda. Nimezisoma karatasi zote hizo na sioni aliyemwonea. Kila mtu alifanya kazi yake.

Wengi wetu tukifika huku tunadhani kinachotushikilia nchini ni pasipoti na kibali. Kwa maisha ya kila siku, kinachokushikilia ni anwani iliyoandikishwa. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda ofisi ya wakazi kujiandikisha, jambo ambalo Waswahili wa huku wote tunaliita Anmeldung, na baada ya hapo kila kitu kinafuata njia hiyo: namba ya kodi, kadi ya bima ya afya, namba ya siri ya benki inayokuja kwa bahasha yake peke yake siku tofauti na kadi, hata msimbo wa kufungulia akaunti ya kodi mtandaoni. Ofisi ya wageni ipi inakuhusu, hilo nalo linaamuliwa na unakokaa. Asiyejiandikisha anaweza kupigwa faini ya hadi yuro 1,000, lakini mimi faini sijawahi kuiona kuwa ndiyo hatari yenyewe. Hatari ni barua zinazokupita.

Barua ya kawaida ya ofisi ya serikali huhesabiwa imekufikia siku ya nne tangu ilipotumwa. Mpaka mwisho wa 2024 ilikuwa siku ya tatu. Barua ya bahasha ya njano ni kali zaidi: tarishi anaandika tarehe juu ya bahasha, anaitumbukiza, na kuanzia hapo muda wako unakwenda, ukiifungua usiifungue. Kukata rufaa mara nyingi ni mwezi mmoja. Kwamba barua za dada zilirudi ofisini ilikuwa afadhali. Zingeingia kwenye kisanduku chenye jina lake na kulala humo, angekuwa amekosa miadi bila sababu ya kueleza.

Na kufutwa kwenye daftari kuna sumu nyingine ambayo yeye hakuifikiria hata kidogo. Kibali cha namna yake hufa chenyewe mtu akitoka Ujerumani kwa zaidi ya miezi sita. Mtu ambaye daftari linasema hajulikani aliko anaweza kuulizwa: ulikuwepo kweli?

Tarehe kwanza

Alikuja kwangu na bahasha ya nailoni imejaa karatasi, amechoka, ametoka zamu ya usiku. Alitaka tuanze na anwani. Nikamwambia anwani itasubiri siku chache, tarehe 30 haitasubiri.

Watu wetu wengi wanaamini kwamba ukikosa miadi ya ofisi ya wageni kabla kibali hakijaisha, umekwisha. Siyo hivyo. Kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi kinasema aliyeomba kuongezewa muda kabla kibali hakijaisha, kibali chake cha zamani kinaendelea kuhesabiwa kuwa hai mpaka ofisi iamue. Kinachotazamwa ni siku maombi yalipofika. Ofisi zimelemewa, miadi inaweza kuwa ya miezi mitatu mbele, lakini maombi yanafika siku unayoyapeleka. Anayechelewa hata kwa siku chache anabaki kuomba huruma ya afisa.

"Lakini kaka, si nimeshaomba Agosti?"

"Umeomba, na ule uthibitisho tutauambatanisha. Ila ofisi ile inasema wewe si mkazi wake. Hatuendi kubishana nao siku zimebaki chache. Tunaomba upya kwenye jiji unakoishi, leo."

Tuliandika ukurasa mmoja. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kibali, sentensi moja inayosema wazi kwamba anaomba kuongezewa muda, na anwani ya nyumba anamoishi kweli. Hapo penye anwani alisita, kalamu ikabaki hewani. Nikamwambia kuandika uongo kwenye karatasi hii ni kosa kubwa kuliko kukaa bila kujiandikisha. Akaandika. Tukaambatanisha mkataba wa kazi, karatasi za mshahara za miezi mitatu, uthibitisho wa bima ya afya na nakala ya pasipoti. Pasipoti tuliitazama vizuri kwanza, maana kibali hakizidi umri wake, na kufanya upya ya kwetu kunahitaji ubalozi, nao uko Berlin. Yake ilikuwa na miaka mbele. Maombi yakaenda kwa njia tatu: fomu ya mtandaoni ya jiji, ambayo tulichapisha ukurasa wa uthibitisho wenye tarehe na saa; barua pepe; na posta ya rejista, risiti ikabanwa kwenye nakala.

Mimi si mwanasheria, kwa hiyo kesho yake alikwenda kwa washauri wa wahamiaji. Huduma hii ni bure, serikali kuu inagharamia, na inatolewa na mashirika kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu katika miji mingi. Inanisikitisha kuona Watanzania wakilipa mamia ya yuro kwa madalali wa karatasi wakati mtu aliyesomea kazi hiyo amekaa ofisini anawangoja. Mshauri aliongeza kitu ambacho sisi hatukukiweka: ombi la cheti cha muda, Fiktionsbescheinigung, kinachothibitisha kwamba kibali cha zamani bado ni hai. Ada yake ni yuro 13. Hicho ndicho ambacho mwajiri angekikubali.

Mzee

Sasa anwani. Ili ujiandikishe unahitaji karatasi ya aliyekupa makazi, Wohnungsgeberbestätigung, yenye jina lake, jina lako, anwani na siku uliyohamia. Kwa anayepanga chumba kwa mpangaji, anayesaini ni yule mpangaji mkuu. Akikataa, sheria inakutaka uijulishe ofisi ya wakazi, nayo itamwuliza yeye. Kwa maneno mengine, kukataa kwa mzee hakukuwa ukuta. Dada angeweza kwenda peke yake, aseme ukweli, na mzee angepata barua.

Hakutaka. "Anko amenisitiri wakati nimekosa pa kulala. Nimshtaki vipi?"

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi, na ndipo naona kisa hiki kinapotugusa sote. Tumelelewa kwamba aliyekupokea ugenini ana haki juu yako, na ni kweli anayo. Lakini nilimwambia, na nasimamia hapo, kwamba huku kumpa mtu kitanda na kumnyima anwani ni kumpokea nusu. Analipa yuro 450, anasafisha choo kwa zamu, na wakati huohuo anafifia kwenye macho ya nchi. Heshima kwa mzee ilitaka tumwendee sisi kwanza, kwa adabu, kabla ya ofisi. Heshima hiyo haikumtaka apoteze kibali.

Tulikwenda Jumapili mchana. Mzee alikuwa anakaanga samaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni, kaeni. Najua mmekuja na lile."

Nilimwomba atueleze anachoogopa, na alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwanza mwenye jengo: hakuwa amemwomba ruhusa ya kumpangisha mtu. Pili, alidhani jina la pili nyumbani litaleta ada ya pili ya redio na televisheni. Tatu, na hili alilisema akiwa ametupa kisogo, anageuza samaki: mkewe na watoto wawili wako Tanga, maombi yao ya kuungana naye yako ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, na ofisi ya wageni itapima kama nyumba inatosha.

Ada ilikuwa rahisi. Yuro 18.36 kwa mwezi hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Ukijiandikisha barua ya kudai inakuja, unajibu kwa kuandika namba ya mlipaji unayeishi naye, inaishia hapo. Mwenye jengo naye hakuwa tatizo kubwa: anayepangisha sehemu tu ya nyumba yake kwa sababu ya msingi, sheria inampa haki ya kudai ruhusa. Anachotakiwa ni kuomba. Kupangisha kimya kimya ndiko kunakoweza kumfukuzisha.

La familia lilikuwa na uzito, na nilimwambia hivyo. Kibali chake si cha mtaalamu, hivyo nafuu iliyoanza Machi 2024 kwa familia za wataalamu haimgusi. Kwake nafasi inapimwa. Kipimo kinachotumika ni mita za mraba 12 kwa kila mwenye zaidi ya miaka sita na 10 kwa mtoto wa chini ya hapo, na chumba kinachokaliwa na mtu baki hakihesabiwi. Akiwa na mpangaji, familia yake inapungukiwa kwenye karatasi. Huyu hakuwa mtu mchoyo. Alikuwa baba anayehesabu mita ili aone wanawe.

Lakini kumficha dada hakukumwongezea mita hata moja. Siku ofisi ikigundua kwamba alikuwa na mpangaji asiyeandikwa, hata neno lake kuhusu nyumba lisingeaminiwa tena. Njia iliyobaki ilikuwa tarehe ya mwisho. Maombi ya mkewe bado yalikuwa kwenye foleni. Nyumba ilitakiwa iwe wazi wakati wa uamuzi, si Novemba. Tukapendekeza mkataba wa maandishi unaokwisha 31 Machi 2026, wenye sababu ndani yake: chumba kinahitajika kwa familia. Dada akiondoka, ataacha karatasi, na karatasi hiyo inamfaa mzee kuliko ukimya.

Alikaa kimya mpaka samaki wa mwisho akatoka. Kisha akamwambia: "Mdogo wangu, ungeniambia kibali kinakaribia kuisha. Mimi nilijua una anwani yako kule." Wote wawili walikuwa wamefichana kitu kwa kustahiana.

Yaliyofuata

Mwenye jengo alijibu barua ya mzee ndani ya wiki, akakubali na kuongeza kidogo malipo ya maji na takataka, ambayo dada anayalipa. Mzee akasaini karatasi. Dada akajiandikisha, akaandika kwenye fomu siku halisi aliyohamia, Aprili, ingawa mtu mmoja alimshauri aandike Novemba ili akwepe faini. Nilifurahi alivyokataa. Tarehe ya uongo ingeacha miezi saba ambayo hakuna anayeweza kusema alikuwa wapi. Afisa alimwuliza kwa nini amechelewa, akaeleza, akapewa onyo la mdomo tu. Nisingemwahidi mwingine kwamba itakuwa hivyo kila mahali.

Cheti cha muda kilitoka siku tatu kabla ya tarehe 30, hospitali ikakipokea, hakukosa zamu. Kibali chenyewe, ada yuro 93, kilihitaji faili lake litoke kwanza Hessen kuja kaskazini, na mafaili husafiri polepole kuliko watu.

Lililobaki ni lile pengo la Septemba hadi Novemba. Siku hizi mtaalamu mwenye kibali anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, akiwa na michango ya pensheni ya miezi 36 na Kijerumani cha B1, ngazi iliyo chini ya B2. Dada anavyo vyote. Ila afisa atakayeshika faili ataona mstari unaosema alitoweka. Kwa hiyo tumemwandalia bahasha: karatasi zote za mshahara za 2025 mwezi kwa mwezi, barua ya bima ya afya kwamba hakukatika hata siku moja, orodha za zamu zenye muhuri wa hospitali, na maelezo ya mzee aliyoyasaini kwamba amekaa kwake tangu Aprili. Haya ya mzee aliyatoa mwenyewe bila kuombwa.

Kwa Aprili 2026 amepata chumba katika nyumba za wafanyakazi za hospitali yake. Kabla ya kusaini mkataba aliomba aione fomu ya makazi ikiwa imejazwa jina lake, na akauliza ni nani anayeweka majina kwenye visanduku vya barua.